Benchi la Mbele

Ilomba, Mbeya
2 Juni 2024

Ugonile, mume wangu Gwakisa?

Hali yako huko Ruaha Mbuyuni? Vitunguu navyo? Sisi wazima, baridi tu inatung'ata, na mtoto anacheza tumboni kama anatafuta mlango. Kwenye simu tunakatizana, ndiyo maana nimempa konda wa basi barua hii.

Kliniki kuna benchi la mbele la waliokuja na waume zao. Wanapimwa wote wawili virusi vya UKIMWI, tena wanaitwa kwanza. Mimi nakaa nyuma na mkoba wangu. Jana nimeota benchi lile liko katikati ya shamba lako, vitunguu vimetoa maua meupe, ukungu umetanda. Umekaa peke yako. Nakuita, husikii. Njoo tupime, baba, kabla sijajifungua.

Mkeo,
Mama Kijacho

Ruaha Mbuyuni
10 Juni 2024

Mama Kijacho wangu,

Salamu nyingi za huku kwenye joto. Mimi mzima, ni mgongo tu. Ndoto hizo ni za mimba, punguza kula udongo! Maji tunapokezana kwa zamu, nikiondoka sasa vitunguu vitanyauka. Wewe pima. Mke na mume ni mwili mmoja, si ndivyo padri alivyosema? Majibu yako ndiyo yangu.

Baba Kijacho

Ilomba
19 Juni 2024

Gwakisa, salamu.

Nimepima, sina virusi. Najua umeshaanza kushangilia. Acha! Nesi Esnath alicheka mpaka akafuta macho nilipomwambia maneno yako. Kumbe waume wengi wanapima kwa mkono wa mke. Majibu yangu ni yangu peke yangu. Mmoja anaweza kuwa navyo na mwenzake asiwe navyo, hata kama kitanda ni kimoja. Na nikivipata sasa, mtoto naye yuko hatarini. Padri alisema habari za ndoa, hakusema habari za damu.

Naogopa, na nimekasirika. Usirudi hapa hujapima.

Tekla

Ruaha Mbuyuni
4 Agosti 2024

Mke wangu,

Unaendeleaje? Na mtoto? Uliposaini Tekla tu, nilijua nimefukuzwa. Nikanuna wiki nyingi. Halafu nikaenda kupima, nikitaka kukukomesha.

Ninavyo, mama. Sijui tangu lini. Nilirudi nikakaa ukingoni mwa mfereji, zamu yangu ya maji ikapita yote mbele ya macho yangu, sikuiona. Dawa nimeanza. Shamba atalitazama mwenzangu Kasian. Nafunga begi, nafungua. Naona aibu. Nikija, utanifungulia?

Gwakisa

Ilomba
9 Agosti 2024

Ugonile, Baba Kijacho?

Pole, mume wangu. Nimelia hapa mpaka ndizi nilizomenya zikawa nyeusi. Hasira bado ninayo, nisikudanganye. Nimepima tena, sina. Nesi anasema ukimeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hutaniambukiza. Kwa sasa kuna kondomu na vidonge vya kinga vya kwangu, na mtoto anaweza kuzaliwa salama. Lakini anataka atuone wote wawili.

Nimeota tena shamba lile. Ukungu uleule, maua yaleyale. Nimekuita, ukageuka.

Kliniki ni Jumatano, panda basi Jumatatu. Na hiyo aibu yako njoo nayo hivyohivyo, benchi ni refu.

Mkeo,
Mama Kijacho