Kinu Mlangoni mwa Ndege

Jumatano, baada ya Isha. Dar, kwa Zuhura.

Mwanangu kanitia haya leo mbele za watu.

Zuhura anahudumia abiria ndegeni. Begi la mtu lilimwangukia begani, mpaka leo bega linamuuma. Sasa yeye na wenzake wanakusanya saini, wanataka abiria wabanwe zaidi kwa mizigo ya kuingia nayo ndani.

Mie nimepanda ndege yake hiyohiyo na kikapu. Halua, pweza mkavu na kinu cha marehemu mama yake. Sendi kwa mtoto mikono mitupu.

Mlangoni Zuhura kajaribu kukinyanyua kikapu, hakikwenda.

"Shikamoo baba. Umetia nini humu?"

"Vitu vyako."

"Hiki kinakwenda chini na mizigo."

"Mie babaako, Zuhura."

"Ndiyo hasa. Nikikupitisha wewe, nitamzuia nani?"

Abiria wakacheka. Bi mmoja nyuma yangu akaitoa mwenyewe ndoo yake ya embe ipelekwe chini.

Nilinuna mpaka tukatua. Kisha nikamwomba ile karatasi ya saini. Bega langu limekwisha kwa magunia ya karafuu. La kwake lisiishe kwa kinu changu.

Nimetia jina. Limekwenda upande, lakini linasomeka.