Fulana za Mazishi

Mjukuu wangu Keji,

Sisi wa huku nyumbani Nyakuron tuko salama. Mama yako kifua kimepona, amerudi kuimba kanisani. Umeniuliza ufanyeje mashine ya kuchapa fulana isikuache nyuma, maana msimamizi wako huko Nairobi analalamika.

Pole, mama. Tulipokuwa ukimbizini Kampala nilifanya kazi hiyohiyo, nikivisha fulana kwenye mbao za mashine zinazozunguka kwenda kuchapwa, kwa haraka ya woga. Siku moja tulichapa fulana za mazishi, zenye picha ya kijana aliyefariki. Mama wa marehemu alipokuja kuzichukua, aliinua moja akasema taratibu, "Mwanangu hakuwa akiinamisha kichwa hivi." Picha ilikuwa imekaa upande, kwa kuwa niliivisha fulana ikiwa imepinda. Nililia.

Nakku, mwenzangu wa mashine, hakunigombeza. Alipanga rundo jipya karibu nami, mapindo ya chini yote yakielekea mashine. "Fungua pindo, vuta mara moja mpaka shingo ifike kwenye alama ya ubao, kisha lainisha kwa viganja. Usiitazame mashine, itazame fulana."

Tulichapa zote upya. Nilimfikiria yule kijana tu, nikasahau kuogopa. Nakku ndiye aliyeniambia kwamba mashine sasa inanisubiri mimi.

Yule mama aliporudi, alivaa moja palepale, akatushika mikono.

Nakuombea kila asubuhi,
Haboba yako