Mteremko wa Ng'ombe, Ng'ambo ya Ziwa Basotu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, Basotu, Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara
Tarehe 19 Oktoba 2005, saa nane mchana

Jina: Justina Ezekiel
Umri: miaka 37
Kabila: Mbarabaig
Dini: Mkristo
Kazi: mkulima, pia mpishi wa wageni
Makazi: Nangwa
Kosa linalochunguzwa: unyang'anyi wa kutumia nguvu
Mtuhumiwa: Gidamis, mfugaji

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa niseme kweli, nami nasema kweli, ingawa afande ameniomba nisizunguke sana.

Nilizaliwa hapa Basotu, ng'ambo ya ziwa, katika boma la babu yangu. Mama yangu, Udagwenga, alifariki nikiwa bado sijang'oa meno ya utoto. Mwaka huohuo watu wa boma letu waliondolewa ili shamba la ngano liongezwe. Baba aliswaga ng'ombe kuelekea Yaeda Chini na hakurudi. Mimi nilichukuliwa na Mama Helena wa Nangwa, rafiki wa mama, akanilea, akanibatiza, akanisomesha mpaka darasa la saba. Hakuninyima kitu. Lakini kaburi la mama sikuwahi kulijua. Kwetu mzee mwenye heshima kubwa hujengewa bung'eda, yaani tuta la udongo refu kuliko mtu, linaloonekana kutoka mbali. Mama yangu hakujengewa. Alifukiwa, nyasi zikaota, basi. Anayejua mahali ni yule aliyekuwepo siku ile.

Mwezi huu Hermani, mtu wa Mbulu mwenye kampuni ndogo ya kutembeza wageni, alinichukua kama mpishi. Alikuwa na wageni wawili, mume na mke, waliokuja kutafuta maziwa mazuri ya kupiga kasia ili mwakani walete wenzao. Walikuwa na mitumbwi miwili ya plastiki, mmoja mwekundu na mmoja wa njano, kila mmoja na nafasi ya watu wawili. Wao wanaita kayaki.

Tulianza Ziwa Tlawi, kule Mbulu. Wageni walipenda jinsi vilima vilivyolizunguka ziwa na mashamba yalivyopanda mpaka juu. Kisha tukaenda Balangida, chini ya mlima Hanang. Huko maji yalikuwa yamekwenda zake, yamebaki magadi meupe mpaka macho yanauma. Mgeni mume alikaa ndani ya mtumbwi wake juu ya magadi, akashika kasia, apigwe picha. Tulicheka sana, hata mimi.

Hermani peke yake hakucheka. Tulipofika Basotu akaniuliza, "Dada Justina, wewe ni mtu wa huku. Hakuna mahali pazuri ambapo wengine hawajawapeleka wageni?"

Nikamjibu palepale, "Papo. Ng'ambo, pale ng'ombe walipokuwa wanateremka kunywa maji."

Sikumdanganya, ni pazuri kweli. Lakini nilipataja kwa sababu nilitaka kupelekwa. Kwa nchi kavu walinzi wa shamba walikuwa wananirudisha kila nilipojaribu.

Jana tarehe 18, saa nane mchana, tuliingia majini. Wageni walitangulia na mtumbwi wa njano, mimi nikakaa mbele ya Hermani katika ule mwekundu. Siwezi kuogelea. Viboko walikuwa mbali kwenye matete, wametoa masikio tu, na Hermani aliniambia nisiwatazame, kana kwamba inawezekana. Nilipouona ule mteremko, udongo mwekundu uliochimbika kwa kwato za miaka mingi, nililia. Hermani alidhani ni woga, akasema, "Pole dada, tumekaribia."

Tulipofika niliwaacha wakitoa vitu, nikapanda ukingo peke yangu. Nilitafuta jiwe, shimo, chochote. Niliona mabua ya ngano iliyovunwa na alama za matairi ya trekta. Kwa kutazama chini hivyo, sikukumbuka kuwaambia wenzangu kwamba lile tuta juu ya ukingo, ambalo ukisimama juu yake unaona ziwa lote na mlima, ni bung'eda ya babu yangu. Hermani ni Mwiraqw, kwao hawajengi hivyo, hakujua.

Niliporudi, mgeni mume alikuwa amesimama kileleni akipiga picha. Mtumbwi mwekundu ulikuwa umeegemezwa kwenye tuta ukauke, na mkewe alikuwa ameanika taulo kwenye vijiti ambavyo wazee walivichomeka pale juu. Nilikimbia kuwaendea.

Kabla sijafungua mdomo, alitokea mzee Gidamis na wachungaji watatu wenye fimbo. Fimbo hizo wanatembea nazo siku zote. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyesukumwa, na mzee hakupaza sauti. Aling'oa nyasi, akazishika mkononi kama mtu anayeomba, akawaonyesha wageni washuke. Wakashuka. Akasema kwa Kiswahili, "Hapa amelala baba yangu. Hiki chombo kitakaa kwangu mpaka wazee wakutane." Wachungaji wakaubeba mtumbwi mwekundu mabegani.

Kwetu huo si wizi. Anayekosea kwenye bung'eda hushikiwa kitu chake mpaka wazee waseme faini, akilipa anarudishiwa. Hermani alipiga kelele kwamba ameporwa. Nadhani aliwaogopa wageni wake kuliko alivyoziogopa zile fimbo. Wageni wakarudi na mtumbwi wa njano, yeye akazunguka ziwa kwa miguu. Mimi nilibaki.

Nilipomsikia yule mzee akisema "baba yangu", nilijua ni mdogo wake baba. Sikujua kama yu hai. Nikamwendea, nikasema, "Shikamoo baba." Akaitika "Marahaba" na kutaka kwenda zake.

Nikamwambia, "Hawa watu nimewaleta mimi."

"Wewe ni nani?"

"Mtoto wa Udagwenga."

Alisema maneno mengi kwa Kidatoga, lugha yetu, na mimi niliyashika machache, nikaona aibu. Ndipo akarudia kwa Kiswahili, "Mimi na baba yako tulimzika. Wewe tulikuzuia usione. Kesho nitakupeleka, leo jua limekwenda na miguu yangu siyo ile." Nililala kwa mke wake. Alinipa maziwa, akaniita binti yangu.

Leo saa moja asubuhi tulikuwa tumeshatoka bomani, yeye mbele mimi nyuma, gari la polisi likaja. Mzee hakubisha. Mtumbwi upo bomani kwake kivulini, haujakwaruzwa, mkewe aliufunika kwa ngozi. Mzee alipokuwa anapanda gari nilimwomba, "Baba, nielekeze basi kwa mdomo." Akasema, "Kwa mdomo utapotea. Shamba limegeuza kila kitu. Mpaka nikanyage mwenyewe."

Narudia, nguvu haikutumika. Aliyenyamaza kuhusu lile tuta ni mimi, na faini ya wazee nitaitoa mimi. Trekta zinaingia kulima wiki ijayo. Huyu mzee akipelekwa rumande Babati, kwa umri wake, sijui kama atarudi. Nimeishi na watu wema maisha yangu yote, namshukuru Mungu, lakini namtaka mama yangu. Nataka kujua nisimame wapi nikitaka kumsalimia.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: Justina Ezekiel

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Maximilian, nikamsomea shahidi, akakubali kuwa ni sahihi. Mlalamikaji Hermani nimemhoji tena, amekiri kuwa hakuna aliyemgusa. Kabla ya jalada kwenda Katesh, sheria inanitaka nikague eneo la tukio, na mtuhumiwa ndiye atakayelionyesha. Tunaondoka saa tisa alasiri hii. Shahidi atafuatana nasi. Mtuhumiwa ameelekezwa atembee kwa mwendo wake na asimame popote anapoona inafaa, shahidi akiwa nyuma yake; sisi askari tutasubiri kwenye gari.