Walisema Ni Wewe Unayetikisa Pikipiki

Baba Kabula,

Sijui barua ya mtu aliyezikwa hupelekwa wapi. Lakini kuna jambo limenikaa kifuani tangu mvua zianze, na sitaki kumwambia mtu mwingine kabla sijakuambia wewe. Nilikuogopa. Wewe, mume wangu, nilikuogopa.

Nianze na habari za nyumbani. Kabula hajambo, ameng'oka meno ya mbele na anacheka akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Wateja wetu wa maziwa hawakutukimbia. Ulipolazwa nilianza kuyafuata Kisesa mwenyewe kwa pikipiki yako, nikijua ni kwa muda tu, mpaka upone. Hukupona. Baada ya matanga nikaendelea hivyo hivyo, madumu nyuma, suruali yako ndani ya kitenge, nashuka Igoma mpaka Buzuruga watu hawajanywa chai. Kaka yako, Shemeji Shija, hakupenda. Alitaka pikipiki ivushwe kwa kivuko iende kwenu Kamanga, ulikozikwa, ikakae kwake. Mimi kesho yake nikawasha nikaenda zangu.

Ndipo ikaanza kuyumba.

Mwanzoni ilikuwa kidogo sana. Kule nyuma palikuwa kama pana mtu anajigeuza kwenye siti, anatafuta kukaa vizuri. Unakumbuka ulivyokuwa ukiniambia nikipanda nyuma yako? "Mama Kabula, tulia, unaniyumbisha." Ndivyo ilivyokuwa, ila mimi nyuma nilikuwa na madumu tu.

Asubuhi moja nateremka Igoma, lami imelowa, lori la mchanga linanifuata. Tairi la nyuma likachukua njia yake. Usukani naushika huku, nyuma kunakwenda kule. Nikasikia honi ya lori, ndefu, na upepo wake ukanipiga mgongoni. Sijui nilitokaje barabarani. Nilijikuta kwenye majani, injini imezima, maziwa yananichuruzika mguuni. Nilidhani ni damu. Nilikaa pale nikijipapasa miguu kama mtu aliyepoteza funguo.

Shemeji alipopata habari alikuja na mama yako, Mayu. Hakunipa hata pole. Alisema, "Mwenye pikipiki hataki. Wewe huoni? Marehemu anakukataza." Mayu alikuwa anatazama chini. Hakumbishia mwanawe, na ukimya wake ndio uliniogopesha zaidi.

Usiku ule sikulala, na asubuhi sikwenda Kisesa. Nilikaa mlangoni naitazama pikipiki. Je, kama ni kweli? Tuligombana wiki ile uliyoanza kuumwa, unajua kwa nini, siandiki hapa. Nikajiuliza kama umeondoka na kinyongo. Nikajiona nikianguka chini ya lori, Kabula anaambiwa shuleni na mtu asiyemjua.

Halafu nikakumbuka Jumapili zako pale uani, mimi nikikushikia spana. "Kwanza tazama, halafu shika, halafu ndiyo ufungue." Nikaisimamisha kwa stendi kubwa. Nikatazama. Upepo wa tairi ulikuwepo. Nikazungusha tairi, ringi ikapita sawasawa, haikupinda. Nikagonga spoku moja moja kwa spana kama ulivyokuwa ukifanya, nikakuta mbili zinalia vibaya, zimelegea. Nilifurahi! Nikaikokota mpaka kwa Fundi Masanja, yule rafiki yako wa Buzuruga, akazikaza.

Nikapanda. Ikayumba vilevile.

Masanja akashika tairi kwa pembeni, akalisukuma huku na huku, likacheza. "Beringi hizi," akasema. Akabadilisha beringi. Nikapanda tena, na madumu yamejaa maji ili tuijaribu. Sikufika mbali, iliyumba vilevile. Niliporudi nilikuwa natembea, naisukuma. Masanja mwenyewe alikuna kichwa. Shemeji Shija alikuwepo siku hiyo. Akaniambia polepole, kama mtu anayenihurumia, "Shemeji, usishindane na wafu. Nipe funguo."

Baba Kabula, nilizitoa. Funguo zilikuwa kiganjani, mkono umeshanyooka. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba kumpa kulikuwa kama kupumzika.

Sijui ni nini kilinizuia. Labda ni hasira tu. Nilimwambia, "Subiri kidogo," nikachuchumaa kando ya pikipiki. Nikamwomba Masanja alisukume tena tairi, polepole, na mimi sikuangalia tairi, maana tairi tulishalitazama sana. Nikafuata ule mkono wa chuma unaolishika, kutoka nyuma kwenda mbele, mpaka pale unapoungana na fremu chini ya siti. Nikaweka kidole kwenye ungio. "Sukuma." Chuma kikanigonga kidoleni. "Tena." Kikagonga tena, tk, tk, ndani kule pasipoonekana.

"Fundi, inacheza huku."

Masanja akaweka kidole chake pale pale. Akashusha pumzi. Akachomoa ile bolti ndefu, zikatoka bushi zake, zile pete zinazoishika bolti isicheze, zimelika upande mmoja mpaka zimekuwa nyembamba kama kucha. "Hizi za siku nyingi," akasema. "Hata marehemu mwenyewe asingemaliza nazo mwaka. Mzigo ukikaa nyuma, mkono wote unayumba, unadhani ni tairi."

Mayu alikuja kuziona. Alizigeuza kiganjani muda mrefu. Kisha akamwambia Shija, "Marehemu mwanangu hakuwa mtu wa kuangusha mke wake. Muache Mama Kabula na pikipiki yake." Shemeji aliondoka bila kuaga. Amekaa kimya mpaka leo, na sijui anawaza nini. Hilo nalo linanitisha, lakini Mayu sasa anakuja kwetu mara kwa mara, analala na Kabula.

Sasa nikuambie lile ninalolificha. Masanja alipoziweka zile bushi mkononi mwangu, watu walidhani nalia kwa furaha. Haikuwa furaha. Zile siku zote nilizokuogopa, ulikuwepo. Ulikuwa umekasirika, lakini ulikuwepo, nyuma yangu, ninakusikia. Kumbe ni vyuma vimelika. Hukuwa umenikasirikia, na hukuwa nyuma yangu. Nilikuzika mara ya pili pale gereji, mbele ya watu, na mikono imejaa grisi.

Jana nimeteremka Igoma na mzigo kamili. Imetulia kabisa. Mimi ndiye sijatulia. Kila nikisikia lori mgongo unakufa ganzi, na nikifika Buzuruga vidole havitaki kuachia usukani.

Lala, Baba Kabula. Nikipata nafasi nitavuka na Kabula tuje kupalilia kaburi lako, akuonyeshe mapengo yake. Nakuahidi hili: siku nikiogopa tena, nitasimama pembeni, nitazima injini, nitatafuta kinachocheza mpaka nikipate. Sitakusingizia tena.

Mkeo,
Mama Kabula