Dume Nisiyemtajia Jina

Jumatatu, 18 Novemba

Ng'ombe tisa. Mvua ya jana jioni imeangusha ukuta wa mabanzi kati ya zizi na sakafu ya kuchinjia. Sasa wanaosubiri zamu wanamwona anayechinjwa. Nimemwambia msimamizi kabla hata sijavaa buti. Anasema ataandika barua. Barua haizibi pengo.

Nachinja hapa mwaka wa ishirini na sita, tangu nilipotoka Nakapanya. Marehemu baba mdogo aliyenifundisha alinipa masharti manne kabla ya kunipa kisu. Mnyama anywe maji. Asikione kisu. Asimwone mwenzake akichinjwa. Na atajiwe jina la Mungu kwa sauti, yeye peke yake, si kundi zima kwa mkupuo. Leo maji wamekunywa na jina nimetaja. Mengine mawili yamekwenda na mvua.

Mkono unauma. Nalala mapema.

Jumanne, 19 Novemba

Kumi na mmoja. Watatu waligoma kutoka zizini. Fimbo. Mmoja alisokotwa mkia mpaka nikasikia mfupa ukivunjika. Nilipiga kelele, hakuna aliyenisikiliza.

Issa, mchinjaji mwenzangu, ana nusu ya umri wangu na haraka mara mbili. Anasema ng'ombe hana akili ya kujua damu ni nini. Nikamuuliza kwa nini basi wanarudi kinyumenyume. Akasema sakafu inateleza. Huyo ana jibu la kila kitu.

Nimechoka. Kazi nimeizoea. Kinachonichosha ni yale macho kutoka zizini.

Alhamisi, 21 Novemba

Siku mbaya. Naandika leoleo ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumapili kuna kipaimara na kila mwenye bucha anataka nyama zaidi. Ng'ombe kumi na saba. Wa kumi na nne alikuwa dume mwekundu kutoka Maposeni. Aliona damu ya wenzake akakata kamba, akamkanyaga mtu mguu. Watu watano wakamwangusha huku wanamtukana. Nikaja mbio nikakata. Mkono ukanikatalia katikati. Nikakata tena. Sijawahi kukata mara mbili.

Alipotulia ndipo nikashtuka. Sikumbuki kama nilitaja jina. Mdomo niliufungua, hilo nalikumbuka. Nadhani nilisema, "Mshikeni."

Daktari wa mifugo akapiga muhuri wake, nyama ikapakiwa. Nilikaa kimya. Mwoga.

Ijumaa, 22 Novemba

Baada ya swala ya Ijumaa nimemwendea shehe. Amenisikiliza bila kunikatiza. Anasema aliyesahau hana dhambi, nyama ni halali, watu wale bila wasiwasi. Nikamshukuru, nikatoka mwepesi kabisa.

Nimefika nyumbani mzigo uko palepale. Mimi sikwenda kuuliza habari za nyama. Uhai wa yule dume si wangu. Ili niutoe lazima nimtaje Mwenyewe, hiyo ndiyo ruhusa yangu. Jana sikuwa nayo. Nilikuwa mtu mwenye kisu tu. Shehe amenisamehe mimi na amewasamehe walaji. Dume hakuna aliyemzungumzia, hata mimi sikumtetea.

Mke wangu Zainabu amenikanda mkono kwa maji ya moto na chumvi. Anasema siku hizi kikombe cha chai kinanitetemekea. Nimemjibu vibaya. Sikutaka kusikia.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimemwambia msimamizi sichinji mpaka ukuta usimame. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Alimwita Issa akampa kazi yote. Dakika mbili, mambo yakaisha.

Nilidhani nikikaa pembeni machinjio yatasimama. Kumbe. Nimerudi nyumbani kwa miguu, saa moja asubuhi, na buti zangu mkononi.

Jumapili, 24 Novemba

Harufu ya pilau mtaa mzima wa Mfaranyaki. Watoto wa kipaimara na nguo zao nyeupe wanapita hapa nje wanakwepa madimbwi. Jirani ametuletea sahani. Zainabu amekula. Mimi nimesema tumbo haliko sawa.

Ninyimwe kazi, sawa. Ila kuona mji unakula vizuri hivi bila mimi, hilo limeniuma. Sipendi kujua hivyo kuhusu nafsi yangu.

Jumanne, 26 Novemba

Mama Ngonyani amekuja. Ana bucha hapo chini barabarani, Mkatoliki, misa ya kwanza haimpiti. Amekataa chai. Anasema tangu wiki iliyopita nyama inatoka nyeusi na ngumu, wateja wanamrudishia. Leo alfajiri amekwenda machinjioni kujionea. Ng'ombe wanapigwa kama wezi, amesema.

Sijui ni nini kilinisukuma. Nikamweleza habari ya dume mwekundu, yote, hadi lile neno "mshikeni". Nilitegemea acheke, au aondoke akatangaze. Alivutavuta ncha ya kanga yake.

"Baba Rehema," akasema, "mimi Kiarabu sikijui. Lakini kila nikifungua bucha najua kuna mtu alfajiri amemwombea yule mnyama ruhusa, kwa niaba yangu na ya hao wanaokula. Sasa ukikaa hapa, nani anatuombea?"

Nikamwambia Issa anataja, tena kwa matamshi mazuri kuliko yangu.

"Anataja. Ila hamwangalii."

Baada ya hapo tukaongea habari za mbolea ya mahindi, bei na foleni. Alipoondoka nikaketi uani mpaka mvua ikanifukuza.

Jumatano, 27 Novemba

Mama Ngonyani na wenye bucha wengine wawili wameleta mabanzi kwa guta, na turubai kubwa. Mchana tumesimamisha ukuta. Msimamizi alikuja ulipokwisha, akapiga picha za kuweka kwenye ripoti yake. Barua haijajibiwa.

Issa alishika nyundo bila kuambiwa. Nami nikataka kupigilia. Nyundo ilinitoka mkononi mara tatu kwa msumari mmoja. Issa aliona. Aliiokota akanirudishia, macho chini. Afadhali angenicheka.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimemwambia Zainabu kwanza kwamba kisu nakiacha. Alisema, "Alhamdulillahi," akaendelea kupepeta mchele. Alijua siku nyingi kuliko mimi.

Kisha nikampa Issa kisu changu. Nikampa na masharti manne, kama nilivyopewa. Nilipofika la nne nikaanza upya mara mbili mbele yake, kama mjinga. Alisubiri. Nikamaliza.

Akauliza mimi nitafanya nini. Nikamwambia nitakaa zizini: kunywesha, kutoa mmoja mmoja. Ni kazi ya wanaoanza, watu watanicheka. Wacheke. Niliona aibu, kisha nikaona usingizi. Sijalala vizuri wiki nzima.

Jumatatu, 2 Desemba

Manyunyu. Ng'ombe kumi. Fimbo nimeziweka nje ya geti na hakuna aliyezidai. Natoa mmoja, naweka mkono kwenye nundu, tunatembea. Wengine wanabaki wanacheua. Mkono huu kwa kutembea na ng'ombe bado unafaa.

Ng'ambo ya ukuta nilimsikia Issa akitaja, kwa sauti, kila mmoja kwa zamu yake. Mimi nami nikawa nataja kabla sijamtoa, chini chini, karibu na sikio. Kumi. Hakuna niliyemruka.

Zizi likabaki tupu. Nilikuwa nimeshika kamba isiyo na kitu. Nikataja mara ya kumi na moja, peke yangu kwenye tope. Najua haihesabiki. Issa alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, akauliza nasema na nani.

Nikamwambia namalizia kazi ya Alhamisi ile, ya dume mwekundu.

Alinipa ufagio, tukaosha sakafu.