Filamu Iliyokatwa Mlangoni

Chumba cha Mashine,
Juu ya Ngazi za Sinema.
Jumapili, kabla ya onyesho la mchana.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kabla hujajiuliza nani huyu mwenye mwandiko mzuri, nikutangazie kwamba umeshika barua ya mtu maarufu kuliko wote mtaani kwetu. Kwa wiki moja naoa, napigwa risasi, nazikwa, nafufuka na kuhutubia majeshi, na yote hayo sijanyanyuka kitini. Wanawake wenye wajukuu wananililia. Wanaume wakinipita barabarani wanaigiza sauti yangu, tena vibaya. Mgeni wa serikali akija hapa ataonyeshwa mimi kwanza, hospitali baadaye.

Ni mimi, mpwa wako, yule uliyemwacha anakojoa kitandani. Sasa wananiita Sauti.

U hali gani? Dereva wa lori la saruji, yule mwenye pengo, anasema alikuona kwenye karakana ya matairi umeinamia rimu. Kwanza ukamkana, kisha ukamkubali, kisha ukamwomba asimwambie mtu. Amemwambia kila mtu. Anasema umekonda na nywele zimeanza kukuhama. Pole sana. Zangu zipo zote, ukitaka nitakuazima. Yeye ndiye atakayekuletea barua hii, akikumbuka, na kama hataifungia karanga njiani.

Sisi huku tupo. Mama hajambo, cherehani yake ndiyo mgonjwa, inaruka mishono kama mbuzi. Mimi ndiyo hivyo umesikia. Bibi hajambo kwa maneno tu. Amelala ameelekea ukutani, anakula ili Mama asimgombeze. Wewe hujui, tangu namba yako ya simu ilipokufa, Bibi hakupitisha siku bila kuulizia habari zako. Alimuuliza muuza maziwa, alimuuliza msoma mita. Hata mtu akikosea namba na kupiga kwetu, alishikwa hapo hapo aulizwe kama amekuona. Komeo la mlango hakutaka lifungwe, usije ukafika ukadhani tumelala.

Sasa ameacha kuuliza. Anaamini umekufa, Mjomba. Ndiyo sababu nimeshika kalamu, na ili uelewe, sina budi kuanza na filamu.

Kazi yangu ni hii. Sinema ni ya mzee mmoja tunayemwita Meneja, ingawa vitu anavyovisimamia ni viwili, mimi na feni. Filamu zote ni za kigeni. Mimi nakaa pembeni ya skrini na kipaza sauti, wao wanasema kwa lugha yao, mimi nasema kwa yetu. Shule niliiacha njiani, hilo halina siri, lakini lugha ya filamu haifundishwi shuleni. Mtu akifoka huku amemnyooshea mwenzake kidole, unahitaji kamusi ya nini? Na pale mwigizaji anapoongea mpaka povu linamtoka nami sijaambulia kitu, nasema tu, "Anakataa." Mpaka leo hakuna aliyelalamika.

Bibi alikuwa akija kila Jumapili, kiti cha mbele, na chai yake kwenye chupa. Siku za mwanzo aliniuliza, "Hayo unayoyasema, mjukuu wangu, ni wao kweli wanaoyasema?" Nami kwa kujidai nikamjibu, "Bibi, mimi siongezi wala sipunguzi. Mimi ni mfereji tu, maji ni yao." Akaridhika, na mtaa mzima akauambia hivyo.

Basi ikaletwa filamu ya kile kitabu chako chenye jalada la kijani, cha yule mama anayefuata mto akimtafuta mwanawe aliyechukuliwa na mafuriko. Wewe ndiye uliyekuwa ukimsomea Bibi jioni jioni, halafu ukaondoka nacho kwenye begi kabla hamjamaliza. Alivyosikia kimekuwa filamu, alipiga pasi gauni lake tangu Ijumaa. Akasema, "Leo nitajua."

Tatizo, waliokitengeneza walikuwa wamekikata vipande viwili. Kipande cha kwanza mwaka huu, cha pili mwakani. Meneja alijua, akaniagiza niandike kwenye bango. Bango nachora mimi, Mjomba, na herufi zangu ungeziona ungevua kofia. Nikaandika jina la filamu kubwa, zuri, likajaza ubao wote. Nafasi iliyobaki kwenye kona ilitosha nukta tu, basi nikaandika "S. 1", yaani Sehemu ya Kwanza. Mtaa mzima ukasoma Saa Moja. Nusu ya watu wakaja mchana kwa mazoea, na nusu nyingine wakaja saa moja jioni, wakakuta tumefunga, wakatukana feni.

Hao wa mchana ndio balaa. Ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Nilitafsiri siku hiyo kama niliyelipwa na wafalme. Yule mama anatembea, anauliza kijiji baada ya kijiji, viatu vimeisha, anakula maembe mabichi, wewe unayajua hayo. Mwishoni anafika kwenye nyumba moja ng'ambo ya mto. Anabisha. Ndani inasikika miguu inakuja. Komeo linavutwa. Mlango unaanza kuachia.

Skrini ikawa nyeupe. Meneja akawasha taa.

Mwenye bucha akasimama, mtu mzima yule, na machozi yake. "Umeme umekatika?"

"Umeme upo," Meneja akasema.

"Sasa picha iko wapi?"

"Imekwisha."

"Imekwisha vipi na mtu bado yuko mlangoni?"

"Nyingine inakuja mwakani."

Hapo ndipo ungesikia. Fundi viatu alipanda juu ya benchi. "Mteja akiniletea jozi, nikamrudishia kimoja, nikamwambia kingine mwakani, mtaniacha niishi mtaa huu?" Wakamwambia hapana. "Basi na huyu."

Mwalimu mstaafu, yule aliyetufundisha wote na kunishindwa mimi peke yangu, akajaribu kuwatuliza. "Jamani, kitabu kile ni kinene. Wangekibana kwenye filamu moja mngepata mifupa mitupu. Mimi naona wamekiheshimu."

"Mwalimu," mwenye bucha akamwambia, "wewe umekisoma, umeshiba. Usituhubirie sisi kufunga."

"Kweli, nimekisoma," Mwalimu akasema, na kosa lake likawa kutabasamu. "Namjua anayefungua."

Mjomba, ukumbi uligawanyika kama mkate. Upande mmoja ukataka aseme, upande mwingine ukaapa kwamba akisema atatoka pale amebebwa. Muuza vocha akamshika mkono, "Niambie mimi tu, sikioni." Mwalimu akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Mara viti vikaanza kuinuliwa, wengine wakidai hela zao, wengine wakinilaumu mimi kwa ile "S. 1", na mmoja akauliza kama hata jina langu ninaandikaga nusu.

Meneja akanijia mbio. "Sema kitu. Wewe wanakusikiliza."

Nami si nikashika kipaza sauti. Nikasema kwa ile sauti yangu nzito ya mazishi, "Mlango ukafunguka." Viti vyote vikashuka. Nikaendelea bila picha, bila lugha ya mtu, kutoka kichwani mwangu. Aliyefungua ni mzee mgeni. Mama akamuuliza habari za mwanawe. Mzee akamwambia, "Mama, umechelewa. Tulimtoa majini sisi wenyewe. Mwanao tumeshamzika."

Usiniulize kwa nini nilimuua. Ni utaalamu wa kazi. Watu wakicheka wanataka nyingine, wakilia wanatafuta leso na njia ya kutokea. Ukumbi mzima ulilia. Fundi viatu alishuka kwenye benchi kwa adabu. Walinipa mikono mlangoni kama bwana harusi, na mpaka leo wapo wanaosema sehemu ya pili isiletwe, yangu inatosha.

Usiku ule Bibi alifunga komeo. Nilidhani amesahau. Asubuhi akatoa yale mashuka yako mapya aliyokuwekea sandukuni, akampa Mama ayakate mapazia. Mama akamuuliza na wewe ukija utalalia nini. Bibi akasema, "Haji. Walikwishamzika."

Nikacheka, nikamwambia, "Bibi, hiyo ni filamu. Tena hata filamu siyo, nilitunga mwenyewe. Uliona skrini ilikuwa nyeupe."

"Picha ilikwisha," akasema, "maneno hayakwisha."

"Maneno yalikuwa yangu, Bibi."

"Wewe huongezi wala hupunguzi. Ulinambia mwenyewe." Akanipapasa kichwa, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

Nilimleta Mwalimu. Alivaa koti, akaketi kitandani kwake, akamwambia taratibu kwamba kwenye kitabu anayefungua mlango ni mwanawe mwenyewe, mzima, amekua, na wanakumbatiana kurasa tatu nzima. Bibi alimshukuru, akamwagiza Mama amletee chai. Kisha akasema, "Kitabu kiliandikwa zamani, Mwalimu. Wakati huo alikuwa hai bado." Mwalimu alitoka nje akaniambia sasa amepata mwanafunzi wa pili wa kumshinda.

Halafu juzi akaja dereva na habari za karakana. Nusura nimbebe mgongoni kumfikisha kwetu. Akaeleza rimu, akaeleza nywele, akaeleza kovu la kiganjani pako. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. "Watu hufanana," akasema, akageukia ukuta. Baadaye akamuuliza Mama kwa siri nimemlipa nini yule dereva.

Nilitaka nikwambie upige simu tu. Lakini Mama amenikumbusha kwamba Bibi anajua naweza kuigiza sauti ya yeyote. Utamwita "Mama" kutoka huko, naye atasema, "Acha mchezo, mjukuu wangu, nina usingizi." Kwa hiyo simu haifai, na barua haifai, kwa kuwa nitakayemsomea ni mimi. Unayefaa ni wewe na mifupa yako. Na uje upesi, macho yake yameingia ukungu. Itabidi umpe kiganja alipapase kovu.

Jana tulimletea Bibi daktari. Alipomaliza kumsikiliza moyo, Meneja, ambaye hajui pa kunyamaza, akamuuliza kama Bibi atawahi kuiona sehemu ya pili. Daktari akakunja vifaa vyake, akasema mwakani ni mbali.

Sikuandikii kwa matumaini makubwa. Dereva anasema ulimwambia huna sura ya kurudi nayo nyumbani. Mimi sikujua kama mtu anahitaji sura kurudi kwa mama yake, lakini nilikwambia, shule niliiacha njiani. Huenda barua hii utaikunja, uifutie grisi mikononi, uendelee na matairi. Nimeshakuona ukifanya hivyo, katika kichwa changu, mara nyingi kuliko nilivyokuona ukishuka kwenye basi.

Mama anakusalimu, ingawa neno alilolitumia sitaliandika. Mwalimu anakusalimu na anauliza kile kitabu kiko wapi, ni cha maktaba. Fundi viatu anasema miguu yako anaikumbuka, ukija atakupimia kwa macho. Meneja naye salamu, na feni. Mungu akulainishie moyo, akupe nauli ya kuja na ujasiri wa kupanda gari.

Lipo jambo moja, Mjomba, sijamwambia Mama wala Mwalimu. Bango si kitu, na hao waliokata filamu niliwasamehe zamani. Siku ile taa zilipowaka, watu wote wakiwa wamesimama wanapiga kelele, nilimtazama Bibi. Alikuwa ameketi kimya na kikombe chake, anatabasamu, anautazama ule weupe. Ukumbi mzima, yeye peke yake ndiye aliyeipenda filamu ile ilivyoishia. Akanivuta shati. Akasema, "Hapo hapo. Pamenitosha hapo hapo. Waache." Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini walikuwa wananisubiri niseme, Mjomba, ukumbi mzima ulikuwa unanitazama mimi, nami nikautoa mkono wake kwenye shati langu nikashika kipaza sauti.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ukinikana,

Sauti.