Ndege wa Vichwa Viwili

Dada Neema, shikamoo. Huku Matema mvua imekatika leo na ziwa limetulia, ila mimi sijatulia.

Nimeiona sarafu inayokosekana kwenye kopo letu la mazimwi, lile tunalokusanyia sarafu zenye viumbe vya ajabu: ya fedha, kuukuu, yenye ndege wa vichwa viwili. Bibi mmoja mfinyanzi anaitumia kulainishia midomo ya vyungu. Niliona haya kumwomba. Alipokwenda kuchota maji, nikaitia mfukoni.

Aliporudi akadhani imezama kwenye udongo. Akabomoa chungu kibichi alichokimaliza asubuhi, kisha cha pili, akipekua kwa vidole. Aliposhika cha tatu nilishindwa. Nikaitoa mfukoni, nikamnyooshea.

“Ndaga,” akanishukuru kwa Kinyakyusa. “Na wewe mjukuu wangu, unaniangalia tu nikibomoa?”

Akagandamiza sarafu kwenye tonge la udongo, akaibandua, akanipa lile tonge lenye chapa ya ndege. “Huyu atakutosha. Wangu ana kazi.”

Nakuletea ndege wa udongo, kichwa kimoja kimefifia. Nimekanda upya udongo wa vyungu vile viwili mpaka jioni, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Nimekukumbuka mno, dada.
Tumaini